Wasichana Waliofunika Kompyuta

Kuna alasiri moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninaposikia ngurumo upande wa Mlima Elgon. Hunirudia nikiwa shambani, hunirudia nikiwa jikoni, na hata kanisani imewahi kunirudia katikati ya mahubiri nikabaki nimeshika kitabu cha nyimbo bila kujua tumefika wapi. Nakusimulia wewe leo kwa sababu nimesikia unakwenda kuripoti kazini, na kwamba shule uliyopewa ina chumba kizima cha kompyuta. Mama yako ameniambia kwa furaha kubwa, nami nimefurahi. Lakini kaa kidogo, chai bado ina moto, unisikilize kabla hujafunga mkoba.

Wewe unanijua kama mama wa mahindi na kuku hapa Kitale. Hukunijua nilipokuwa mwalimu kijana, miaka ile ya elfu mbili na kitu, nilipotembea na cheti changu cha kompyuta kwenye mkoba utadhani ni kitambulisho. Maringo nilikuwa nayo, sikufichi. Kompyuta wakati huo zilikuwa chache hata mjini, na mtu aliyejua kuiwasha na kuizima bila kutetemeka alionekana msomi mkubwa. Nikapelekwa kufundisha katika shule ya wasichana huko Kabuchai, upande wa Bungoma, katikati ya mashamba ya mahindi na miwa. Wazazi wangu walitoka Mkoa wa Kati wakaja kutafuta shamba Trans-Nzoia, kwa hivyo kule Kabuchai nilikuwa mgeni kabisa. Wenyeji walinipokea vizuri. Waliniita Mwarimu Wambui, kwa matamshi yao, na kila nilipotembelea nyumba ya mwanafunzi kuku alichinjwa hata niseme nimeshiba namna gani.

Kompyuta za shule zilinunuliwa na wazazi wenyewe, kwa michango na magunia ya mahindi. Zilikuwa zile za zamani zenye kisogo kikubwa kama televisheni. Tuliziweka katika stoo ya zamani, chumba cha mabati chenye madirisha ya vyuma, tukapiga sakafu saruji na kuvuta stima. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Barasa, alikuwa mtu mwema mwenye wasiwasi mwingi. Kidato cha nne cha mwaka huo ndicho kilichokuwa cha kwanza kufanya mtihani wa kompyuta pale, na alikuwa amewaahidi wazazi mambo makubwa. Kila asubuhi aliniuliza, "Mwalimu, tuko wapi na kompyuta?" Nami nilijibu kwamba tunaendelea.

Hatukuwa tunaendelea. Asubuhi zote za ratiba zilikuwa zimechukuliwa na hesabu na sayansi, kompyuta ikasukumwa alasiri. Na wewe umezaliwa upande huu, unajua alasiri zetu. Jua linawaka vizuri mpaka saa nane, halafu wingu linateremka kutoka mlimani, na kabla hujatoa nguo kwenye kamba mvua imeshafika na radi zake.

Ngurumo ya kwanza ikisikika, hata iwe mbali, wasichana wangu waliacha kila walichokuwa wakifanya. Hakuna aliyewaambia. Walivua sweta zao za shule, kila mmoja akaifunika skrini iliyo mbele yake, akaiingiza vizuri pembeni kama mtu anayemfunika mtoto, kisha akaweka mikono mapajani na kunyamaza. Darasa zima. Ukiwauliza, walisema, "Madam, ni kioo." Maana nyumbani kwao, radi ikianza, vioo vyote hufunikwa, redio huzimwa, na watu huketi kimya mpaka ipite. Skrini ya kompyuta ukiizima inakuonyesha uso wako. Basi kwao ilikuwa kioo kama kioo kingine.

Hasara yake ni kwamba walifunika kompyuta ikiwa bado inawaka. Hakuna aliyekumbuka kuhifadhi kazi. Muda si muda stima ilipotea, kama ilivyokuwa desturi yake ya kila mvua, na kazi yote ikapotea nayo. Kesho yake tulianza upya, tukaandika kichwa cha kazi, mistari michache, na ngurumo ikaja. Muhula mzima ulikwenda hivyo. Mtihani wa vitendo ulikuwa unakaribia na hakuna msichana hata mmoja aliyewahi kumaliza jedwali moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Maji yalinifika shingoni. Nilianza kuziona zile sweta hata ndotoni. Na jambo la kuchekesha ni kwamba hata sisi hapa Kitale mama yangu alikuwa akifunika kioo cha sebuleni kwa leso kila kukinguruma, na sisi watoto tulinyamaza. Lakini nilikuwa nimesoma, mwanangu. Mtu aliyesoma hivi karibuni ni mtu mgumu sana, kwa sababu aliyoyaacha nyumbani juzi ndiyo anayoyacheka zaidi leo.

Nilikuwa nikifundisha Jiografia pia. Siku moja nikiwa mjini Bungoma nikapata diski ya mafunzo ya hali ya hewa. Ukiiweka kwenye kompyuta inakuonyesha mawingu yakipanda, chembe zikisuguana, kisha radi inapiga kutoka juu hadi chini, na sauti ya mtu inaeleza huku ngurumo ikisikika kwenye spika. Niliiona nikasema hii ndiyo dawa. Nitangoja mvua yenyewe. Ikianza kunguruma nitawakataza kufunika, nitawawekea diski, waone kwa macho yao kwamba ni umeme tu kama ule ulio kwenye waya. Niliona nitaiua ile hofu kwa kompyuta yenyewe, na baada ya hapo tutafundishana kwa amani. Nilijipongeza njia nzima mpaka Kabuchai.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Asubuhi kulikuwa na joto la kunata, na kufikia chakula cha mchana mlima ulikuwa hauonekani. Nikaingia darasani na spika mbili nilizoazima ofisini. Karibu na dirisha alikaa msichana aitwaye Nafula. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye vidole vyepesi, na ndiye niliyekuwa nikimtegemea afanye vizuri kuliko wote. Alilelewa na nyanya yake ng'ambo ya shamba la miwa, akija shule kwa miguu na kurudi kwa miguu. Zaidi ya hapo sikujua kitu juu yake, na sikuwahi kuuliza.

Ngurumo ya kwanza ilipokuja, sweta zikaanza kuvuliwa. Nikapiga meza.

"Leo hakuna kufunika," nikasema. "Vaeni sweta zenu. Macho mbele."

Walitazamana. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Madam, si tufunike tu kidogo, ikipita tunaendelea?"

"Nimesema hapana. Mko kidato cha nne na bado mnaogopa ngurumo? Huo ni umeme tu. Angalieni hapa."

Nikasimama karibu na mlango, nikawasha diski. Mawingu yakaanza kupanda kwenye skrini, na nje mawingu yenyewe yalikuwa yametanda mpaka darasa likawa giza. Mvua ikaanza kupiga mabati. Nikaongeza sauti. Radi ya kwenye skrini ikapiga, spika zikanguruma, wasichana wakashtuka, na kabla hawajatulia ikapiga ya nje. Huwezi kujua ipi ni ipi. Nilimwona Nafula ameshika sweta yake mapajani kwa mikono miwili, ameikunja, ameikunjua, ameikunja tena. Aliinua mikono akataka kuitupa juu ya skrini.

"Nafula," nikasema, "weka chini hiyo sweta."

Aliiweka chini. Alikuwa mtoto mtiifu, na hilo ndilo huniuma mpaka leo. Alinitii mpaka dakika ya mwisho aliyoweza kunitii.

Kisha ikapiga karibu kabisa. Sauti yake haikuwa ngurumo, ilikuwa kama mabati yote yamepasuliwa kwa mara moja. Cheche ikaruka kwenye soketi ya ukutani, stima ikapotea, na darasa zima likapiga ukelele. Nikakimbilia ukutani kuzima swichi kubwa. Nilipogeuka, mlango ulikuwa wazi na mvua ilikuwa ikiingia ndani. Kiti cha karibu na dirisha kilikuwa kimeanguka.

"Nafula ameenda, Madam," mtu akasema gizani. "Ametoka nje."

Nilitoka mpaka varanda. Mbele yangu kulikuwa na uwanja wa michezo, wazi, hauna hata kichaka, na katikati mlingoti wa bendera wa chuma. Ng'ambo yake kulikuwa na ua wa shule, kisha miwa. Nilimwona yule mtoto akikimbia kando ya mlingoti, kiatu kimoja kimemtoka, sweta hana. Halafu mvua ikamfunika, sikumwona tena. Nikapiga kelele jina lake. Ikapiga radi nyingine, ng'ambo ya miwa, kule kule alikoelekea.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Nilitaka kushuka ngazi nimfuate, na miguu ilikataa. Mimi niliyewaambia watoto kwamba ni umeme tu, nilishika nguzo ya varanda nikashindwa kukanyaga nyasi. Nyuma yangu wasichana walikuwa wamejazana dirishani wananitazama. Bwana Barasa akatokea mlango wa ofisi akaita, "Mwalimu, rudi ndani bana, utapigwa!" Nikashukuru moyoni kwamba nimepewa sababu ya kusimama. Mpaka leo naona haya kukuambia.

Sijui nilisimama pale muda gani. Najua kwamba ngurumo ziliposogea kidogo nilishuka, nikavuka ule uwanja nikiomba kwa sauti, bila mpango, maneno ya utotoni. Nikaokota kiatu kwenye matope. Niliingia kwenye miwa nikimwita. Majani yake yanakata, unajua, lakini sikusikia maumivu. Kila nilipoona kitu cheusi chini nilisimama nikisema ndiye. Kilikuwa kisiki, au gunia, au udongo tu. Nilianza kuwaza nitakavyosema. Nilifika mpaka kuchagua maneno ya kumwambia nyanya yake, na kila neno nililochagua lilinishinda.

Nikatokea kwenye nyumba moja bila kutarajia. Mlango wa mbao, moshi ukitoka kwa shida chini ya paa. Nikagonga. Akafungua mama mzee mwembamba, kichwani kitambaa cha kanisa, akanitazama kutoka juu hadi chini. Alitazama kiatu nilichoshika.

"Yuko ndani," akasema.

Nilikaa pale pale kwenye matope nikalia. Aliniacha nilie. Baadaye akanivuta mkono, akanipa leso kavu, akaniketisha kwenye kiti kidogo karibu na moto. Nafula alikuwa kwenye kona, amejifunika blanketi mpaka puani, anatetemeka na hanitazami. Ukutani kulikuwa na kioo kimefunikwa na kitambaa cha meza, kile cha kufuma kwa mkono. Ngurumo zilikuwa zimerudi, mvua ikaanza kipindi cha pili. Tulikaa hivyo sote watatu, moto ukilia, mpaka mvua ikabaki matone ya kwenye paa. Ndipo alipoinuka, akaondoa kitambaa kwenye kioo, akakikunja, akakiweka mahali pake. Nikamwona Nafula akishusha mabega.

"Mwarimu," yule mama akaanza, "huyu ameniambia ulimkataza kufunika."

"Ndiyo, mama. Nilitaka wajifunze kwamba kitambaa hakizuii radi."

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani.

"Na ni nani alikuambia kinazuia? Unafikiri mimi sijui? Huyu alikuwa na kaka yake, Wanyonyi. Siku ile vioo vyote hapa vilikuwa vimefunikwa, hata sufuria za kung'aa niligeuza. Kijana alikuwa ameketi hapo ulipoketi, hana kitu mkononi. Ikapiga karibu. Akashtuka akakimbia nje, ati aende kwa ng'ombe. Ilimpata hapo kwa mlango wa zizi." Alisukuma ukuni motoni. "Tangu hiyo siku, kukinguruma kila mtoto hapa nampatia kitu afunike. Mmoja kioo, mwingine redio, mwingine hata birika. Kitambaa hakizuii radi, mwarimu. Kinazuia mtoto asikimbie nje."

Nilijua hapo hapo nilichofanya. Nilikuwa nimemnyang'anya mtoto kitu kilichomshikilia ndani, sikumpa kingine, halafu nikamwongezea ngurumo ya spika.

"Mimi nataka asome hiyo kompyuta," akaendelea. "Nilitoa mahindi yangu. Lakini wewe umeijua mashine, mtoto hujamjua. Mbona hukuniuliza? Si nyumba ni hii, unaiona hata kutoka shuleni?"

Nilimwomba msamaha, nikamgeukia Nafula nikamwomba na yeye. Aliitika kwa kichwa tu. Nilipomwambia tutaonana kesho, alisema polepole, "Madam, mimi hiyo chumba siingii tena." Mtihani ulikuwa umekaribia sana. Asipofanya sehemu ya vitendo, somo zima lingeanguka, na pengine na matokeo yake yote. Nyanya yake alinisindikiza mpaka kwenye miwa bila kuniahidi kitu.

Siku iliyofuata Nafula alikuja shuleni, lakini wakati wa kompyuta aliketi nje kwenye ngazi. Sikumlazimisha. Ndani nilizima spika, nikawauliza wengine jambo ambalo nilipaswa kuwauliza mwezi wa kwanza: kwenu kukinguruma mnafanya nini? Ajabu, walikuwa na mengi ya kusema. Mmoja hupewa mtoto mchanga ashike. Mwingine huhesabu mbuzi. Mwingine mama yake humfanya aimbe wimbo wa Jumapili kimoyomoyo. Nikawaambia, basi na hapa tutakuwa na desturi yetu. Ngurumo ya kwanza, unahifadhi kazi. Unaizima kompyuta kama inavyozimwa, bila kuikatia stima. Unachomoa plagi, jambo ambalo fundi yeyote wa stima angekuambia ufanye. Kisha unafunika. Na ukishafunika, unamweleza jirani yako kwa sauti ya chini ulikuwa umefika wapi na ulikuwa unataka kufanya nini baadaye.

Tulikata mapazia ya zamani ya bweni tukashona vitambaa, kila mashine na chake. Bwana Barasa alikuja juu. "Mwalimu, kweli sasa tunapoteza muda kushona, na mtihani ndio huo?" Nilimjibu kwamba muda tuliupoteza zamani. Akaondoka akitikisa kichwa.

Lakini ngurumo ilipokuja, hawakupiga kelele. Walihifadhi, wakazima, wakachomoa, wakafunika. Kwenye ule ukimya wa zamani nikasikia minong'ono: mimi nimejaza safu ya pili, nataka kujumlisha, nikibonyeza hapa inaleta jibu. Walikuwa wanajifunza zaidi bila mashine, mwanangu, kuliko walivyowahi kujifunza nazo. Mvua ilipopita, wakafunua, wakawasha, na kazi ilikuwa pale pale walipoiacha. Kuna msichana aliyecheka kwa sauti alipoiona, kwa sababu haikuwahi kumtokea. Nafula alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Siku zilipopita alisogea mpaka kiti cha nyuma. Baadaye akarudi kwenye kiti chake, akasema tu, "Yangu iko wapi?" Nikampa kitambaa.

Siku ya mtihani wa vitendo, mvua haikutuonea huruma. Msimamizi alikuwa mgeni, bwana mmoja kutoka mjini Bungoma mwenye saa kubwa mkononi. Mimi niliambiwa nikae nje karibu, nisiseme na mtu, niitwe tu kama mashine itaharibika. Nikasimama kwenye dirisha la vyuma. Walianza vizuri, vidole vinakwenda. Kazi ilikuwa imefika katikati niliposikia mlima ukinguruma. Nikaona migongo yote ikikakamaa.

Sikuweza kusema neno. Walikuwa wakinisubiri? Sijui. Nilimtazama Nafula peke yake. Akitoka kwenye kile chumba mtihani wake umeisha, na akikimbia nje sikuwa na uhakika na mengine. Mkono wake ulikuwa kwenye kipanya. Alikipeleka taratibu, akabonyeza, akangoja. Akazima. Akainama akachomoa plagi. Akachukua kitambaa, akafunika, akaingiza pembeni. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, mpaka hakukuwa na skrini iliyo wazi.

Msimamizi alikuja dirishani haraka. "Madam, hawa wanafanya nini? Muda unaenda."

"Wamehifadhi kazi, bwana. Wanangoja."

"Wanangoja nini?"

"Ipite."

Hajajibu, ikapiga. Ilikuwa karibu kama ile ya Alhamisi, dirisha likatetemeka mikononi mwangu na taa ya ofisini ikazimika. Ndani nilisikia kiti kikianguka. Nafula alikuwa amesimama, uso umeelekea mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Nilishika vile vyuma nikamtazama. Alisimama hivyo. Kisha akaweka mikono yote miwili juu ya kile kitambaa, akaibana ile mashine kama mtu anayemshika ng'ombe asiondoke, na akaketi. Akainamisha kichwa chake juu ya mikono. Akabaki.

Yule msimamizi aliwatazama wale wasichana. Halafu akavuta kiti chake kutoka karibu na dirisha la chuma, akakiweka katikati ya chumba, naye akaketi. Stima iliporudi aliwaongezea muda waliopoteza, kama sheria ilivyomruhusu. Kazi zote zilikuwa pale. Nafula hakuwahi swali la mwisho, na matokeo yalipokuja alipata C. Wewe usicheke. Mimi nilikuwa nimemtakia A, na Bwana Barasa alikuwa ameahidi A. Nyanya yake alinitumia kuku wawili.

Sasa Nafula ana duka kule Suam mpakani, ananunua na kuuza na watu wa ng'ambo, na ana watoto. Nyanya yake tulimzika miaka mingi iliyopita, na nilikuwa kati ya waliosema machache kaburini. Sikuwa na mengi ya kusema zaidi ya haya ninayokuambia.

Basi mwanangu, sikiliza. Unakwenda na vyombo vizuri kuliko vyangu, vinaonyesha kila kitu, na utapenda kuviwasha siku ya kwanza ili watoto wakushangae. Washa, lakini uliza kwanza. Uliza wanatoka wapi, wanaogopa nini, na wanafanya nini nyumbani wakiogopa. Ukiona mtoto ameshika kitu usichokielewa, usimnyang'anye kabla hujajua kinamsaidia nini, na ukimnyang'anya uwe na kingine cha kumpa. Usichukue mashine ukaifanya fimbo ya kumwaibisha mtoto kwa ujinga wake. Na usiwaambie watoto wasiogope jambo ambalo wewe mwenyewe hujawahi kusimama mbele yake. Wafundishe kuhifadhi kazi yao, kila mara, kwa sababu stima yetu unaijua. Kitu alichokianza mtoto akikikuta kesho pale alipokiacha, atakuamini, na mtoto akishakuamini hata chaki inatosha.

Nenda basi. Mungu akutangulie barabarani na akukute umefika salama. Akupe watoto wasikivu, na akupe masikio ya kuwasikia wao pia. Na siku itakapopiga karibu, kwa maana itapiga, mtoto anayeogopa akukimbilie wewe, asikukimbie.